Kati ya Zoezi na Adhabu

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kufundishwa kichura. Unachuchumaa, unashika masikio, unaruka mbele kama chura mpaka mwalimu aseme basi. Kosa lingeweza kuwa kuchelewa namba, kupiga kelele darasani au kusahau fagio nyumbani. Adhabu ilikuwa hiyohiyo. Dakika mbili zilitosha mapaja kuwaka moto. Kesho yake kuchuchumaa chooni kulikuwa shughuli pevu, na ngazi ulizishuka ukiwa umeshika ukuta kama bibi kizee.

Mwaka jana nilifuata programu ya mazoezi makali ya nyumbani ya siku 60. Siku ya kwanza, baada ya kupasha mwili, mwalimu wa kwenye video alituagiza tuchuchumae, tuweke mikono pembeni ya kichwa, turuke. Tuchuchumae tena, turuke tena. Alikuwa anatabasamu muda wote. Kilikuwa kichura kilekile cha darasa la tano, isipokuwa safari hii hapakuwa na mwalimu wa zamu aliyenisimamia na fimbo. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye chumba cha kupanga ambacho kitanda kimeshachukua nusu yake, na bando la kuangalizia video nilikuwa nimelinunua mwenyewe.

Swali lililonikaa kichwani tangu asubuhi ile ni hili: kama tendo ni lilelile na maumivu ni yaleyale, ni nini kinacholifanya liwe zoezi hapa na adhabu pale?

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na watu wa fani yetu tuna tabia ya kung'ang'ania maswali ambayo wenzetu hawayaoni kama maswali. Rafiki yangu nilipomuuliza alijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: tofauti ni hiari. Shuleni ulilazimishwa, hapa umejipeleka. Basi. Ni jibu zuri, na kwa wiki mbili za kwanza liliniridhisha.

Kabla sijasema lilinishinda wapi, niseme kwanza kwa nini nilijipeleka. Programu hizi si ngeni. Mwaka 1982 Jane Fonda alitoa kanda yake ya video, na wanawake wengi wa Marekani wakageuza sebule zao kuwa viwanja vya mazoezi. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja P90X ya Tony Horton, ya siku 90, iliyohitaji vyuma na bomba la kuning'inia. Kisha Shaun T akaja na Insanity, ya siku 60, isiyohitaji kifaa chochote: mwili wako na sakafu tu. Mazoezi ya vipindi yalizoeleka kwa kujikaza kidogo na kupumzika sana. Yeye aliyapindua, ukawa unajikaza kwa muda mrefu na kupumzika kwa sekunde chache. Leo programu za aina hiyo zimejaa kwenye simu zetu, na muundo wake ni mmoja: idadi ya siku, kalenda ya kubandika ukutani, picha ya kabla na picha ya baada.

Kwa mtu kama mimi zina maana kubwa. Gym iliyo karibu na chuo inatoza kwa mwezi pesa ambayo mimi ninaila wiki mbili. Kukimbia barabarani alfajiri ni kusindikizwa na miluzi ya bodaboda na maswali ya watu wasiokujua, na sehemu kubwa ya njia haina taa. Chumbani hakuna anayekutazama. Unafunga mlango, unakunja mkeka, unaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, unaanza. Jirani yangu wa ukuta wa pili ana mtoto mchanga, kwa hiyo nilijifunza kutua kwa vidole bila kishindo, jambo ambalo baadaye nilielewa kuwa ndilo linalookoa magoti.

Na faida niliiona. Siku ya kwanza nilipiga pushapu nne, ya tano nikabaki nimelala kifudifudi nikinusa sakafu. Siku ya 60 nilipiga 22. Maji yanapokatika nyumbani kwetu tunachota kwenye tangi la jirani, na ndoo ya lita 20 niliyokuwa naipumzisha mara tatu njiani sasa naifikisha bila kuitua. Usingizi ulikuwa mzito. Aristotle alisema fadhila huja kwa kutenda: mtu huwa jasiri kwa kufanya mambo ya kijasiri, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi darasani. Kulisikia kwenye mabega ni habari nyingine.

Jibu la hiari lilianza kuyumba wiki ya tatu. Tulikuwa tumefungua kundi la WhatsApp, wasichana tisa, kila mmoja chumbani kwake, na kila asubuhi tulitumiana picha ya jasho kama ushahidi. Nikaanza kuziangalia lugha zetu. "Jana nimekula chipsi mayai, leo lazima nilipe." "Pilau ya harusi ya Jumamosi nimeshaitubia." "Nimekosa siku mbili, nastahili kuteseka." Tukapitisha hata sheria: anayekosa siku anaongeza vichuchumaa 50. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa watu wazima tisa wenye shahada, na kwa hiari yetu kabisa tulikuwa tumeiteua miili yetu kuwa washtakiwa, tukawa wenyewe mahakimu, na wenyewe askari wa kusimamia hukumu.

Kumbe adhabu inaweza kuwa ya hiari. Watu wamejipiga viboko kwa karne nyingi bila kushikiwa fimbo na mtu. Kwa hiyo tofauti tunayoitafuta iko mahali pengine.

Nadhani iko kwenye kazi ambayo maumivu yanafanya. Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme kesho mtu anagundua njia ya kupata nguvu zilezile, moyo imara uleule, bila kuchoka wala kuungua mapaja. Mwalimu wa shule hawezi kuikubali njia hiyo: kichura kisichouma si adhabu, itabidi atafute kingine kinachouma. Kwake maumivu ndiyo malipo yenyewe. Lakini anayefanya zoezi ataipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kwake maumivu ni nauli tu. Alichokuwa anakitaka ni kufika. Sasa jiulize wewe mwenyewe. Ukiambiwa unaweza kupata mwili unaoutaka bila kuteseka, unafurahi, au kuna sauti ndani inayosema hapana, huo ni udanganyifu, hujastahili? Sauti hiyo ikisema, ujue ulikuwa unalipa deni, na zoezi lilikuwa jina tu.

Historia ya mazoezi inaonyesha jinsi tendo moja linavyoweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vikanyagio kwa ajili ya wafungwa. Walilipanda kama ngazi isiyo na juu, saa nyingi kwa siku. Katika magereza mengine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Katika mengine halikufungwa kwenye kitu chochote, na wafungwa walikuwa wanasaga hewa. Mwandishi Oscar Wilde, aliyefungwa mwaka 1895, alikuwa mmoja wa waliolikanyaga. Uingereza ilianza kuliondoa kwa sheria ya magereza ya 1898. Leo mashine ya kukimbilia iliyopo kwenye kila gym imerithi hata jina lake la Kiingereza, na watu wanailipia kwa mwezi. Silidharau hilo. Naliona kama ushahidi kwamba mwendo wa miguu peke yake hausemi kitu; lazima uulize gurudumu limefungwa kwenye nini.

Safari ya kinyume nayo ipo. Lile zoezi linaloogopwa kuliko yote, la kuchuchumaa, kutupa miguu nyuma, kuirudisha na kusimama, lina jina la mtu. Royal Burpee alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na alilibuni kuelekea 1940 kama kipimo chepesi cha hali ya mwili wa mtu wa kawaida. Ulitakiwa kulifanya mara nne tu, ukapimwa mapigo ya moyo kabla na baada. Jeshi la Marekani likalichukua wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, idadi ikaanza kupanda. Katika mbio za vizuizi za Spartan, kwa miaka mingi aliyeshindwa kizuizi alitakiwa kufanya 30 papo hapo kabla ya kuendelea. Kilichoanza kama kipimo kikaishia kuwa faini.

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini kuna ubaya gani? Kama kujiona mdaiwa kunanitoa kitandani, acha nijione mdaiwa. Hapa ndipo ninapotaka kuwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe nililelewa na methali za mtaka cha uvunguni sharti ainame, na sina ugomvi na jasho. Nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba daftari la deni hilo lina hesabu mbovu. Ya pili ni kwamba daftari hilo halibaki chumbani kwako.

Nianze na hesabu. Imani yetu ni kwamba mwili ni duka: kalori zinaingia, kalori zinatoka, ukiruka zaidi unabaki na mafuta kidogo. Kwenye mipaka yake ni kweli. Lakini mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya hapahapa Tanzania, miongoni mwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walikuwa wanatembea wastani wa kilometa 11 kwa siku, wanawake karibu 6, na wanawake ndio wachimbaji wa mizizi kwenye udongo mgumu. Watafiti walipopima nguvu inayotumiwa na mwili kwa siku nzima, walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakutumia kalori zaidi ya Wamarekani na Wazungu wa maofisini. Maelezo ambayo Pontzer ameyajenga baadaye ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingineko. Ni kama mama wa nyumbani mwenye bajeti: ukimuongezea gharama ya nauli, anapunguza kwenye vocha.

Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washiriki 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser, ambamo watu wanene walipunguzwa uzito kwa mazoezi ya kikatili na chakula kidogo. Kwenye shindano walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Watu hao walilia, walitapika, walianguka mbele ya kamera. Kama mateso yangekuwa fedha, wangekuwa wamemaliza deni na kubakiwa na chenji.

Hili halimaanishi kwamba mazoezi hayana kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za makali, na siku mbili za kuimarisha misuli. Faida zake kwa presha, sukari, mifupa na akili zinajulikana vizuri. Hata utafiti maarufu wa Izumi Tabata wa Japani, wa 1996, ambao umezaa nusu ya programu za sekunde 20 kwa 10, ulipima uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Haukuwa utafiti wa kupunguza kilo. Sayansi ya mazoezi makali ilianza kwa kuuliza mtu anaweza kufanya nini. Ni sisi tuliokuja kuuliza ana uzito gani.

Sasa hoja ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Shangazi yangu anakaanga samaki. Anaamka saa tisa usiku, anapanda gari la kwenda feri kununua, saa moja asubuhi karai liko jikoni, na mpaka jioni anakuwa amesimama. Ni mnene, na kwa miaka mingi unene wake ulikuwa sifa. Kwetu kumwambia mtu "umenenepa, umependeza" ilikuwa salamu ya heri, na aliyekonda aliulizwa kwa upole kama anaumwa. Kijana wa leo hajui, lakini katika miaka ambayo UKIMWI haukuwa na dawa, kukonda kulikuwa habari iliyonong'onwa. Halafu upepo ukageuka, na haukumuuliza shangazi.

Alipogundulika ana presha nilimsindikiza kliniki. Mhudumu alimpima, akaandika, akamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akasema, "Mama, punguza mwili. Uvivu ndio unawaua. Fanyeni mazoezi." Shangazi hakujibu. Ni mtu mwenye maneno, sokoni wanamjua, lakini siku ile alifunga vizuri khanga yake, akasema asante mwanangu, tukatoka. Kituoni akaniuliza, "Hivi mimi ni mvivu?" Haukuwa mzaha, alitaka kujua.

Hakurudi kliniki kwa miezi saba. Vidonge vilipokwisha hakuchukua vingine. Aliporudi ilikuwa kwa kubebwa kwenye bajaji, kichwa kikimpasuka, presha ikiwa 190 kwa 115. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini ukiniuliza kilichomweka nyumbani miezi ile saba, sitasema ujinga wala ushirikina, kama wanavyopenda kusema watu kuhusu wagonjwa wa aina yake. Alikuwa anakwepa mahakama. Alijua akienda atasomewa shitaka, na hukumu ameshaisikia.

Mhudumu yule na sisi wasichana tisa wa WhatsApp tulikuwa tunasoma daftari moja. Humo mwili wa mtu ni taarifa ya tabia yake: mwembamba amejitahidi, mnene amezembea. Sisi tulilitumia kujichapa wenyewe, tukaita nidhamu. Yeye alilitumia kumchapa mwanamke aliyesimama saa kumi na mbili mbele ya karai la mafuta ya moto, akaita ushauri. Huwezi kulikubali asubuhi ukiwa mbele ya kioo chako halafu ukashangaa mchana linapotumika kwa shangazi yako.

Nililipeleka hili kwa mwenzetu mmoja wa kundi, ambaye ni daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Alinipinga vikali, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema kila siku anaona watu wa miaka 40 wakiingia wodini kwa kiharusi, na kwamba nikianza kuwaambia watu uzito si kosa lao, nitawapa ruhusa ya kukaa. "Wewe una anasa ya falsafa," aliniambia. "Mimi nina kitanda kimoja na wagonjwa wawili."

Nimelifikiria sana jibu lake. Nadhani linachanganya wajibu na lawama, vitu ambavyo lugha yetu ina maneno mawili tofauti kuvitaja. Lawama inatazama nyuma: nani alifanya hivi, anastahili nini. Wajibu unatazama mbele: kuna presha, sasa nani afanye nini. Shangazi ana wajibu juu ya mwili wake, na siwezi kumvua. Kumvua kungekuwa kumfanya mtoto. Lakini wajibu huo hauhitaji kwanza apatikane na hatia. Nyumba ikiungua, tunachota maji kabla ya kuuliza nani aliacha jiko. Na wajibu, tofauti na lawama, unaweza kugawanywa: kuna sehemu yake, sehemu yangu, sehemu ya kliniki, sehemu ya anayepanga barabara bila njia ya waenda kwa miguu. Lawama hupenda kumwangukia mmoja.

Nchi hii iliwahi kulijua hilo kwa namna yake. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi ya mbu. Siisifu enzi ile kwa macho yaliyofumba. Ilikuwa miaka ileile watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu, na serikali inayoweza kukuambia uchimbe choo inaweza pia kukuambia uondoke kwenye shamba la babu yako. Lakini kulikuwa na jambo moja ndani ya kampeni ile ambalo programu ya siku 60 haina pa kuliweka: choo changu ni afya yako. Mbu aliyezaliwa kwenye dimbwi langu hatauma kwa kufuata ukoo. Neno afya lilikuwa na watu wengi ndani yake. Sasa limebaki na mtu mmoja na simu yake.

Hata shule, ukikumbuka vizuri, haikutufundisha kichura peke yake. Ilitufundisha pia mchakamchaka. Mapambazuko, vumbi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine tunaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Nyuma alikuwepo kiranja na fimbo yake, sikatai. Lakini mbio zilikuwa zinakwenda kwa mdundo wa kundi, na mwenye pumzi fupi alivutwa na wimbo. Kichura uliruka peke yako, mbele ya wanaokutazama. Ni jambo la kufikirisha kwamba programu nyingi za nyumbani zimechukua la pili na kuliacha la kwanza.

Jijini Dar es Salaam mchakamchaka haujafa. Jumapili alfajiri utakutana na vikundi vya jogingi, fulana za rangi moja, wazee kwa vijana, wakiimba katikati ya barabara huku daladala zikiwasubiri. Shangazi amejiunga na kimoja cha mtaani kwao. Hakimbii. Anatembea nyuma na wenzake wawili, muuza mkaa na mwalimu mstaafu, na nguvu nyingi wanazimalizia kwenye maneno. Hakuna anayempima kilo. Kliniki amerudi, vidonge anameza, na presha inaonekana kutulia. Mwili wake haujabadilika sana, na sasa sioni kwa nini hilo liwe ndiyo swali la kwanza tunalomuuliza.

Mimi bado nafanya mazoezi, siku tatu kwa wiki, na baadhi ni makali. Kalenda niliitoa ukutani. Kuna asubuhi bado nasikia ile sauti ya daftari, hasa baada ya sikukuu, na sidhani kama itanyamaza kabisa, nimelelewa nayo. Ninapoisikia najiuliza maswali mawili. La kwanza ni lile la nauli: kama kungekuwa na njia isiyouma, ningeipanda? La pili nimelipata kwa Aristotle, ambaye katika kufafanua kiasi alitumia mfano wa mwalimu wa mazoezi na chakula: kipimo kinachomtosha Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri, kitamzidi anayeanza, kwa hiyo anayepima lazima amjue anayepimiwa. Basi najiuliza: anayenipimia leo ananijua?

Na kuna la tatu, ambalo ni la shangazi. Nilipomweleza kuhusu programu yangu, jinsi ilivyo na siku 60 na jinsi kila siku ina zoezi lake, alisikiliza kwa adabu huku akigeuza samaki. Kisha akauliza, "Na siku ya 61 unafanya nini?"

Nikamwambia waliotengeneza programu wanasema unaanza upya.

"Ahaa," alisema. "Basi hiyo ni kama biashara yangu. Nishikie hili karai, wewe si una nguvu sasa."

Nikalishika.